Saa Ilisema Mimi Mzima

Watu wakikutana nami sokoni hawaniulizi moyo wangu unaendeleaje. Wanaangalia mkono wangu wa kushoto, halafu wanauliza: "Mama Kulwa, hizi saa za kupima mapigo, ukinunua inakaa muda gani kabla haijaharibika?" Mmoja anataka kumnunulia mama yake mwenye presha, mwingine anataka kupunguza tumbo. Huwa najibu kwa kifupi kwa sababu niko juani na mzigo kichwani. Sasa nimechoka kujibu kwa kifupi. Nimeamua niandike mara moja, anayetaka asome. Saa ya kwanza imekufa, ya pili imekufa, ya tatu ninayo mkononi. Na kabla ya ile ya kwanza kutupwa, nusura nitangulie mimi.

Mambo ya kitaalamu msiniulize. Nimeishia kidato cha nne na biolojia ilinipiga chenga. Daktari alisema moyo wangu ulitanuka na kulegea kwa sababu ya uzazi, ukawa hausukumi damu inavyotakiwa. Mimi hiyo inanitosha. Ninachoweza kuwaeleza ni jinsi ilivyokuwa kukaa ndani ya mwili huo, kwenye nyumba yetu ya Ipuli, katikati ya watu wanaonipenda ambao hawakutaka kunisikia.

Nilijifungua mapacha mvua zikielekea kwisha. Kulwa wa kiume, Doto wa kike. Mume wangu alikuwepo wiki ya kwanza tu, kisha masoko ya tumbaku yakafunguliwa, akarudi Urambo kwenye kazi yake ya kupanga madaraja ya tumbaku kwenye chama cha msingi. Nyumbani nikabaki na mama yake, aliyetoka Sikonge na sufuria lake kubwa kwa ajili ya kunikanda. Kama hujawahi kukandwa, ni hivi: maji yanachemshwa mpaka yanatokota, taulo linatumbukizwa, linakamuliwa, halafu unakandamizwa nalo tumboni, kiunoni, mgongoni, asubuhi na jioni, mpaka arobaini iishe. Unalia. Mkandaji halii. Mama mkwe wangu ana mikono ambayo nadhani haina ngozi, ni ngozi ya ngoma.

Wiki ya tatu nikaanza kushindwa kulala. Nikilala chali, naona kama mtu amenikalia kifuani. Nikaongeza mto, nikaongeza wa pili, mwisho nikawa nasinzia nimekaa, nimeegemea ukuta kama mlinzi. Kikohozi kikavu kikaja. Miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki pale pale linakutazama. Viatu vyangu vyote vikanikataa, nikawa navaa kandambili za Baba Kulwa.

"Mama, miguu yangu imejaa," nilimwambia mama mkwe.

"Ulibeba wawili. Ulitegemea uamke ucheze?"

"Sipumui vizuri."

"Kunywa uji, mwanangu. Maziwa ya watoto wawili yatatoka wapi kama hunywi?"

Nikanywa uji. Nilikunywa uji mpaka nikajiona mtungi. Kumbe ndicho kitu ambacho mwili wangu haukukihitaji hata kidogo, lakini hilo nililijua baadaye, nilipopelekwa hospitali na jirani.

Niwaeleze kidogo kuhusu benchi la kliniki ya moyo, kwa sababu nimelikalia sana. Unafika asubuhi na mapema, unakuta wenzako wameshafika mapema kuliko mapema yako. Upande huu kuna mama wa Ulyankulu anaongea Kirundi na binti yake, upande ule mzee anayekohoa kwa adabu ndani ya leso. Siku ya kwanza kule nilikuwa nimesimama, nimeshika ukuta, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kabebwa na jirani. Yule mama wa Ulyankulu aliniangalia miguu. Akamsukuma binti yake akasogea, akamsukuma na mzee wa watu akasogea, halafu akapiga benchi kwa kiganja kama mtu anayemwita mtoto. Nikakaa. Mpaka leo sijui jina lake. Ningemjua ningempelekea asali.

Nililazwa wiki nzima. Walinipa dawa ya kutoa maji mwilini, ambayo inakukojoza mpaka aibu inaisha, na nyingine ya kutuliza mwendo wa moyo. Daktari alikuwa dada mdogo, rika langu. Alinikataza chumvi nyingi, akanipimia na maji ya kunywa. Akanikanya kwamba miguu ikijaa tena, au nikishindwa kulala, nisisubiri tarehe ya kliniki, nije siku hiyo hiyo. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, anaitikia kwa kichwa kama mtu yuko kanisani. Nilidhani amesikia.

Ndipo saa ikaja.

Dada yangu Vumi anaishi Dar. Aliposikia habari zangu alilia kwenye simu, halafu akafanya anachofanya siku zote akilia, yaani akaenda dukani. Akatuma kwa basi kiboksi cheupe. Ndani yake saa nyeusi, mkanda wa mpira, na mgongoni ina taa ya kijani inayowaka na kuzima ikisoma mapigo kupitia kwenye ngozi. Juu ya boksi kulikuwa na picha ya Mzungu anaogelea nayo. Mkumbukeni huyo Mzungu.

Siwezi kusema uongo, mwanzoni ilinisaidia. Nilikuwa naona namba ikishuka wiki hadi wiki dawa zilivyokuwa zinafanya kazi. Nikipanda ngazi tatu za barazani inapanda, nikikaa inashuka. Nikapata usingizi. Miguu ikarudi kuwa na vifundo. Siku nilipovaa viatu vyangu mwenyewe nilitembea mpaka kwa jirani na kurudi bila shida yoyote, nikaonyeshe viatu tu.

Tatizo ni kwamba saa haikuwa yangu peke yangu. Ikawa ya ukoo. Baba Kulwa kila asubuhi anaandika kutoka Urambo: "Saa inasemaje?" Haulizi umelalaje. Haulizi watoto wameamkaje. Saa inasemaje! Napiga picha namba, natuma, ananirudishia kidole gumba. Mama mkwe naye, ambaye hajawahi kuamini hata kipimajoto, aliishika imani ya saa kuliko wote. Mgeni akija kunijulia hali, kabla sijafungua mdomo mkono wangu umeshashikwa na kuinuliwa juu kama wa bondia.

"Mwangalieni. Themanini na mbili. Mkwe wangu anaendelea vizuri."

Hata kliniki, pale kwenye benchi, watu walikuwa wanaisogelea. Yule mzee wa leso aliniuliza kama inapima na sukari. Nikamwambia hapana. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na uchawi je?" Nikamwambia mzee wangu, ingekuwa inapima hicho ningeshajua nani kaniroga. Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka, na kucheka kwenyewe kukanikohoza.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Arobaini iliisha nikiwa hospitali. Mtu mwingine angesema basi, kukandwa kumekwisha. Mama mkwe wangu akapiga hesabu yake: watoto wawili, arobaini mbili. Ya Kulwa imekatishwa na hospitali, tutaimalizia, halafu tunaanza ya Doto.

"Mama, hiyo nimeisikia kwako tu," nikamwambia.

"Umezaa mapacha wangapi kabla ya hawa?"

"Tumuulize daktari kwanza."

"Daktari amezaa?"

Basi sufuria likarudi jikoni. Nilitaka kuvua saa kabla ya kukandwa. Nikakatazwa. Kwenye simu Baba Kulwa akasema, "Usiivue, itakatisha kumbukumbu. Hiyo haiingii maji, imeandikwa kwenye boksi." Mama mkwe akasema ukiivua, moyo utabaki peke yake. Hayo ndiyo maneno yake. Kama vile saa ndiyo inayousukuma.

Ndugu zangu, maji ya kuogelea ni baridi. Yule Mzungu wa kwenye boksi hakuwa amekalia kigoda kwenye chumba kilichofungwa madirisha, mvuke umejaa mpaka darini, na Mnyamwezi wa Sikonge anamkandamiza kwa taulo lililotoka motoni. Saa inaweza kuvumilia mvua, jasho, hata kudumbukia kwenye ndoo. Mvuke ni kitu kingine. Mvuke unapenya pale ambapo maji yameshindwa, halafu ukipoa unageuka maji, na uko ndani tayari.

Masoko ya tumbaku yakiwa yamepamba moto, kioo kikaanza kuwa na ukungu kwa ndani. Ngozi chini ya mkanda ikatoka vipele, ikanyambuka. Ile taa ya kijani ikawa hafifu, kama kibatari kilichokosa mafuta. Na namba ikatulia. Sabini na sita. Nikiamka, sabini na sita. Nikitoka kufua nepi za watoto wawili, nimeshika kiuno, natweta, sabini na sita. Siku nilipogombana na Baba Kulwa kwenye simu mpaka nikatetemeka, nikaangalia mkono: sabini na sita.

Nyumba nzima ikafurahi. Baba Kulwa alituma vidole gumba viwili. Mama mkwe aliposikia kwamba namba haipandi tena, alisema Mungu ametenda, akaongeza lake la pili: kwamba sasa ile dawa ya kukojoza iachwe, maana inakausha maziwa. Nikakataa. Akampigia mwanawe. Mwanawe, mtu wa Urambo anayenusa tumbaku kutwa nzima, akatoa ushauri wa tiba: "Kama saa inasema yuko sawa, si aipumzishe dawa kidogo?" Dawa zikapandishwa juu ya kabati la nguo. Kabati la mninga, refu kama mlango. Mimi wakati ule nikiinua mikono juu ya kichwa kizunguzungu kinanishika, na mama mkwe hilo alilijua. Mtu asiniambie nisikasirike. Nina hasira hadi leo, na ninampenda, vyote viwili vinakaa humu ndani.

Haikuchukua muda. Miguu ikajaa, nikazirudia kandambili. Mto wa pili ukarudi, wa tatu ukarudi. Kikohozi kikarudi na kikaleta kitu kipya, sauti ya maji ikichemka kifuani nikivuta pumzi. Nikiwanyonyesha, nampa mmoja, natulia nikusanye pumzi, ndipo nampokea wa pili. Doto akawa analia kwa kusubiri. Kila nikisema, jibu moja.

"Sijisikii vizuri."

"Saa inasemaje?"

"Nashindwa kupumua."

"Sasa mbona saa inasema sabini na sita?"

"Mama, saa haiko ndani ya kifua changu!"

"Una hasira. Mzazi mwenye hasira maziwa yanachachuka."

Nilifika mahali nikaanza kujishuku mwenyewe. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote. Nilikuwa nakaa pale natweta, naiangalia ile namba, najiambia labda ni kweli, labda mimi ni mvivu tu wa malezi. Mashine haina sababu ya kunidanganya. Mama mkwe hana sababu. Basi mwongo atakuwa mwili wangu.

Ilikuwa Jumamosi, jua limeshapanda. Nimekaa kwenye mkeka barazani, kando yangu kapu la viazi vitamu vya mchana. Mama mkwe ananiandalia maji ya kukanda. Baba Kulwa akapiga simu ya picha, mama mkwe akaipokea, akaielekeza kwangu. Mume wangu akasema, kabla ya salamu:

"Mbona leo hujatuma? Saa inasemaje?"

Sijui nilipata wapi wazo. Nadhani sikuwa na wazo, nilikuwa na hasira tu. Nikavua ile saa. Mama mkwe akapiga ukelele, "Unafanya nini wewe!" Nikachukua kiazi, kimoja chembamba kama kifundo cha mkono, nikakifunga ile saa, nikaukaza mkanda tundu la mwisho. Nikakiweka juu ya mkeka mbele ya simu.

Ile taa ya kijani ikawaka, ikazima, ikawaka. Vistari vikazunguka, vikazunguka. Halafu ikaandika: sabini na sita.

"Baba Kulwa, unaona?" nikasema. Nilikuwa nasema neno, napumzika, nasema neno. "Kiazi hakijambo. Kiazi kinaendelea vizuri. Kitumie kidole gumba."

Mama mkwe akainama, akakiokota kile kiazi, akakigeuza upande wa pili. Sabini na sita. Akakifungua, akajifunga mwenyewe mkononi, akasubiri na midomo imekaza. Sabini na sita. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu nitoke hospitali. Akaninyoosha miguu, akabonyeza kidole kwenye muundi, akakitoa, akaangalia shimo. Likakaa. Likakaa tu.

"Yesu wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu mzee.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Alitoka nje na upande mmoja wa khanga, anaita bajaji kwa sauti inayofika stesheni. Alirudi, akaburuta kiti mpaka kabatini, akapanda, yeye na magoti yake mabovu, akashusha dawa zote. Simu ilikuwa imetupwa mkekani, Baba Kulwa ndani yake anapiga kelele: "Haloo! Mama! Mbona naona dari tu? Jamani, mbona naona dari?"

Pale mapokezi muuguzi hakutumia mashine yoyote. Alinishika mkono kwa vidole viwili, akainua macho kwenye saa ya ukutani, na kabla dakika haijaisha akawa anaita mwenzake alete oksijeni. Daktari dada mdogo alipokuja aliuliza kama nilikuwa nameza dawa. Nilikuwa nimevalishwa kifuniko puani, siwezi kujibu. Mama mkwe akajibu. Alisimama wima, kama anayetoa ushuhuda.

"Mimi ndiye niliyeziweka juu. Yeye alikataa. Niandike mimi."

Daktari hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mama, nitakuhitaji unisaidie," na ile mikono ya ngozi ya ngoma ikamkabidhi dawa zote.

Kitanda nilichopata hakikuinuka kichwani, na mito ilikuwa haitoshi. Mama mkwe alizunguka wodi nzima akirudi mikono mitupu. Mwisho akavua viatu, akapanda kitandani nyuma yangu, akanipa mgongo, mgongo wake kwa mgongo wangu, akasema, "Egemea." Nikaegemea. Akakaa hivyo mchana kutwa, jirani akimletea watoto wa kunyonya na yeye akiwapokea bila kugeuka ili nisianguke. Nikajaribu kumwambia asante. Akasema, "Nyamaza upumue." Hatukuwahi kulizungumza jambo lile tena, na sufuria lilirudi Sikonge kwa gari la mizigo.

Nilipopata nguvu tulipanda treni kwenda Dodoma kupigwa picha ya moyo. Reli inakwenda kwa njia ile ile iliyotembewa na misafara ya zamani ya pembe, watu wamebeba mizigo ya watu wengine miezi na miezi, na mimi nimekaa kwenye kiti nalalamika mgongo. Nikaona moyo wangu kwenye kioo. Mkubwa, mzito, unajivuta kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Nikaambiwa dawa ziendelee, na habari ya mimba nyingine isahaulike, labda madaktari wenyewe waseme. Hilo nalo lilileta kikao. Baba mdogo mmoja upande wa mume alihoji: wawili tu? Baba Kulwa, ambaye tangu siku ya kiazi kila akija nyumbani alikuwa anatembea amenywea kama mgeni, alimjibu, "Wawili na mama yao." Hapo nilimsamehe nusu. Nusu nyingine bado ninayo.

Saa ya pili aliinunua yeye, masoko yalipofungwa, duka moja la Gongoni. Ilikuwa nyepesi, ya bei ya kawaida. Kiangazi kilikuwa kikali, upepo na vumbi. Mkanda ukapasuka mahali pa tundu, na Doto aliyekuwa anaota meno akamalizia kazi. Nikampelekea fundi. Akaigeuzageuza.

"Dada, mkanda wa hii ni wa hii peke yake. Haupo."

"Weka wowote."

"Haziingiliani. Walioitengeneza hawakutaka uitengeneze."

Akanifungia kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ikawa kama kirungu. Ilidumu mpaka mvua za kwanza. Kumbikumbi walipotoka, kioo kikaanza kunyanyuka upande mmoja. Nikarudi kwa yule fundi. Akasema betri imevimba, niiweke nje mbali na watoto, nisiichaji tena. Nikamwambia nimemwelewa, na mimi nilivimba hivyo hivyo.

Kwa hiyo mnaouliza zinakaa muda gani, jibu langu ni hili. Kinachotangulia kufa ni mkanda au betri. Ile mashine ndani ingeweza kwenda miaka, lakini betri inachoka kila unapochaji, na kwenye saa nyingi haifunguki ikabadilishwa. Ya bei ndogo ukiipata mwaka, shukuru. Ya maana kidogo, ukiitunza, miaka miwili mitatu. Hii ya tatu, aliyoniletea Vumi mwenyewe Krismasi, mwanzoni nilikuwa naichaji Jumapili kwa Jumapili, siku hizi haifiki katikati ya wiki, najua inaniaga. Mimi naivua nikioga, naivua nikisonga ugali, nafuta jasho mgongoni mwake kwa kitambaa kikavu. Mkanda ukichimba ngozi, hamisha mkono. Ukiona ukungu ndani ya kioo, hiyo imekwisha hata kama inaandika namba nzuri. Hasa kama inaandika namba nzuri. Ukiishuku, ifunge kwenye kiazi. Lakini usinielewe vibaya: hata nzima huwa inababaika ikifungwa kwenye kitu kisicho na damu. Kiazi kilinisaidia kwa sababu namba ilikuwa ile ile kwangu, kwa kiazi na kwa mama mkwe. Kitu kinachosema sawa kwa kila mtu hakijakuangalia wewe.

Na wewe ambaye hukuja kwa ajili ya saa, wewe uliyejifungua juzi na unasoma hii umekaa kitako kwa sababu mto mmoja haukutoshi, weka simu chini. Mwite mtu akupeleke hospitali leo. Akikuuliza namba, mpe miguu aibonyeze.

Mvua zilipokwisha tena nilirudi kwenye kile kioo cha Dodoma. Moyo umepungua. Haujarudi wa usichana, daktari alisema, lakini unafanya kazi, na unajitahidi. Nameza vidonge vichache sasa. Watoto wanatembea, wanavunja vitu.

Wiki iliyopita akina mama wa kanisani wa mama mkwe walikuja kunijulia hali, wanne, na sare zao. Nikawasalimia, shikamooni, marahaba, wakakaa, chai ikaletwa na maandazi. Kabla sijakaa mmoja wao alikuwa ameshaukamata mkono wangu, anaisoma saa kwa kuikaribisha machoni.

"Sabini na tisa! Mama Kulwa, umepona kabisa wewe. Jumapili uje kwaya, na wiki ijayo kuna kupika harusini."

Nikajikuta ninanyamaza, mazoea ya zamani. Mama mkwe alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Mwachie mkono," alisema. "Huyo ana mdomo. Muulizeni yeye."

Wakanigeukia wote wanne. Mwenye mkono wangu akauachia, akauliza taratibu, kama anajifunza, "Unajisikiaje, mwanangu?"

"Nimechoka, mama," nikasema. "Nilitaka kulala tangu mlipopiga hodi."

Nikadhani nitagombezwa kwa kukosa adabu mbele ya wageni. Mama mkwe akakusanya vikombe, vingine bado vimejaa, akavipanga kwenye sinia.

"Mmesikia," akawaambia. "Haya, simameni."

Wakasimama, wakaaga, wakatoka, mmoja wao andazi likiwa bado mdomoni.